Uvimbe Upimwe Kwanza, Ndipo Dawa Ichaguliwe

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, mbele ya wanachama wa Kitui na Makueni



Halmashauri imeniagiza nisome mbele yenu habari ya saratani ya titi, na hasa habari ya kuupima uvimbe kabla ya kuanza matibabu. Mimi si daktari. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuandika barua za chama na kulitunza daftari la hesabu. Lakini daftari hilo ndilo lililoileta habari hii mezani. Mwenye kulisoma ataona kwamba mgonjwa wa saratani hutokea katika kurasa zetu mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa fedha kidogo za nauli. Mara ya pili ni kwa fedha nyingi za jeneza, za gari la kumleta nyumbani, na za chakula cha waombolezaji. Kati ya kurasa hizo mbili hapana neno lililoandikwa. Halmashauri imeuliza kama yatupasa kuandika neno hapo katikati.

Jambo ninaloomba mlikubali nitalitaja sasa hivi, ili kila mmoja wenu alipime huku akisikiliza. Naomba mfuko wa wagonjwa wa chama hiki usaidie kulipia kipimo cha uvimbe wa titi, pamoja na safari ya kukipata, kwa kila mwanachama, na kwa mke, mama, dada au binti wa mwanachama, kabla dawa haijachaguliwa. Sababu zake ndizo hizi zifuatazo.

Ukubwa wa Maradhi

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 wanawake 6,799 wa Kenya waliugua saratani ya titi, na kwamba 3,107 walikufa kwayo. Mwaka ule hapakuwa na saratani nyingine iliyowapata Wakenya wengi kuliko hiyo. Wanaume nao huipata, ingawa ni wachache, karibu mmoja katika kila wagonjwa 100.

Wagonjwa wa kwetu wana shida mbili zilizo kubwa kuliko za wagonjwa wa Ulaya. Ya kwanza, wengi huugua wangali vijana, wakiwa na watoto wa kulea na mashamba ya kulima. Ya pili, wengi hufika hospitali uvimbe umekwisha kukua, au umefika kwenye tezi za kwapani. Mtu aliyechelewa hivyo hana nafasi ya kujaribu dawa moja, ikishindwa ajaribu nyingine. Yampasa apewe dawa imfaayo tangu mwanzo.

Jina Moja, Maradhi Mbalimbali

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba fulani ana saratani ya titi, tukadhani kwamba tumekwisha kujua anaugua nini. Kwa kweli jina hilo moja limefunika maradhi mbalimbali. Wakulima wa kwetu hawahitaji kufundishwa jambo la namna hii. Mahindi ya Kitale ni mahindi mazuri, lakini mtu akiyapanda Kibwezi mvua itakwisha kabla hayajabeba. Ndiyo sababu katika miaka ya 1960 wataalamu wa Katumani, karibu na Machakos, walitafuta mbegu ikomaayo upesi, inayoweza kuwahi mvua zetu fupi. Mbegu ya Kitale haina dosari. Dosari ni kuipanda pasipo kuutazama udongo na mvua ya mahali.

Katika mwaka 1896 daktari mmoja wa Glasgow, nchi ya Scotland, jina lake George Beatson, alieleza jinsi alivyowaondolea ovari wanawake wenye saratani ya titi, na jinsi uvimbe ulivyonywea. Baadaye madaktari wengine walipofanya vivyo hivyo waliona kwamba baadhi ya wagonjwa walipata nafuu na wengine hawakupata nafuu yoyote. Ilichukua miaka mingi kujulikana kwa nini. Uvimbe wa wanawake wengine una vipokezi, navyo ni vitu vidogo mno vilivyomo katika chembe za uvimbe, vinavyoipokea homoni ya kike iitwayo estrojeni. Homoni hiyo ndiyo inayoulisha uvimbe. Uvimbe mwingine hauna vipokezi hivyo, na kwa sababu hiyo kuuzuilia homoni hakuudhuru hata kidogo.

Wenye vipokezi wanayo dawa ya vidonge iitwayo tamoksifeni, iliyoanza kutumiwa Uingereza mwaka 1973. Kidonge hicho hushika mahali pa homoni katika kipokezi, uvimbe ukakosa chakula chake. Mgonjwa hukimeza kila siku kwa miaka 5, na pengine zaidi. Uchunguzi uliojumlisha maelfu ya wagonjwa umeonyesha kwamba, kwa wenye vipokezi, miaka 5 ya dawa hii hupunguza vifo vya maradhi haya kwa karibu theluthi moja katika muda wa miaka 15. Nayo ni dawa ya bei nafuu kuliko karibu dawa zote za saratani. Lakini kwa asiye na vipokezi, miaka 5 ya kumeza vidonge ni miaka 5 ya bure.

Jambo la pili litazamwalo ni protini iitwayo HER2. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake katika Los Angeles, Marekani, walionyesha kwamba baadhi ya uvimbe una jeni ya HER2 iliyojirudia mara nyingi kupita kiasi, na kwamba uvimbe wa namna hiyo hukua kwa ukali. Uchunguzi huo ulisaidia kuizaa dawa iitwayo trastuzumabu, ambayo wengi huijua kwa jina la Herceptin. Marekani iliikubali mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaitia katika orodha yake ya dawa za lazima. Dawa hii nayo humfaa yule tu ambaye uvimbe wake una HER2 nyingi.

Wako pia wale ambao uvimbe wao hauna kipokezi cha estrojeni, wala cha projesteroni, wala HER2 nyingi. Hao hutegemea zaidi upasuaji, mionzi, na dawa kali za tibakemikali, ambazo watu wengi huziita kemo. Kwao kungoja ni hatari kuliko kwa wengine, maana uvimbe wao huenda mbio.

Basi maswali ya kwanza ni matatu: je, uvimbe una kipokezi cha estrojeni? Je, una kipokezi cha projesteroni? Je, una HER2 nyingi? Jicho la daktari haliwezi kuyajibu, wala mkono wake, wala picha ya eksirei. Hujibiwa katika maabara, kwa kipande cha uvimbe wenyewe.

Yaliyosemwa Juu Yetu

Wazee wangu, hapa pana jambo ambalo naomba mlisikilize kwa makini, kwa kuwa latuhusu sisi wenyewe. Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa juu ya wagonjwa waliotibiwa katika hospitali ya Kijabe. Katika taarifa hiyo, karibu robo tu ya wagonjwa waliopimwa walikutwa na vipokezi vya estrojeni. Pakatokea swali: je, saratani ya wanawake wa Afrika Mashariki ni maradhi ya namna nyingine kabisa? Na kama ndivyo, kidonge cha tamoksifeni kingewafaa nini?

Miaka 6 baadaye, mwaka 2014, Dk. Shahin Sayed wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, pamoja na wenzake, walitoa taarifa nyingine iliyotokana na wagonjwa wa hospitali kadhaa za Kenya. Hao walijali sana namna vipande vya uvimbe vinavyotunzwa na kupimwa. Walikuta kwamba karibu 73 katika kila wagonjwa 100 walikuwa na vipokezi vya estrojeni. Wenye HER2 nyingi walikuwa karibu 18 katika 100, na wasio na hata kimoja cha vitu vile vitatu walikuwa karibu 20 katika 100.

Kutoka robo hadi karibu robo tatu ni tofauti kubwa mno. Wanawake wa Kenya hawakubadilika miili yao katika miaka michache. Sababu moja kubwa ambayo wataalamu huitaja ni utunzaji wa kipande. Kipande kilichoachwa bila kuhifadhiwa, au kilichohifadhiwa vibaya, huharibika, vipokezi vikapotea, na maabara ikaandika kwamba havimo. Maabara haikusema uongo, kwani iliandika ilichokiona. Lakini mama aliyeandikiwa hivyo atanyimwa kidonge ambacho kingemfaa, naye hatajua kamwe kwamba alinyimwa.

Safari ya Kipande

Kwa hiyo yatupasa kuijua safari ya kipande hicho kama tunavyoijua safari ya maziwa kutoka zizini hadi sokoni. Maziwa yakikaa juani, mnunuzi hawezi kuyarudisha yalivyokuwa.

Utaratibu ufuatwao na wataalamu ni huu. Kipande kikishatolewa mwilini, kitiwe katika dawa ya formalini iliyotengenezwa kwa kipimo cha 10 katika 100 na kusawazishwa ukali wake, kabla ya saa moja kupita. Dawa hiyo iwe nyingi kuliko kipande, karibu mara kumi ya ukubwa wake. Chupa iwe na mdomo mpana, kipande kisibanwe. Kama ni uvimbe mzima au titi zima, lazima upasuliwe vipande ili dawa ifike ndani, maana formalini hupenya polepole. Kipande kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72, kisha maabara ikishughulikie. Jina la mgonjwa, siku na saa ya kukatwa viandikwe juu ya chupa yenyewe. Maji matupu, maji ya chumvi na spiriti havifai badala ya formalini.

Saa 72 ni siku 3. Mtu aliyeko Mutomo, au ndani ya Mwingi, au Mtito Andei, anajua siku 3 ni nini. Kama amekatwa Ijumaa, kipande kikalala hospitali Jumamosi na Jumapili, kisha Jumatatu mjumbe akakosa nauli, muda umekwisha.

Niwape mfano mmoja, nao ni wa jamaa ya mwanachama wetu. Mama huyo aliondolewa uvimbe wote katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Uvimbe ukatiwa katika chupa, akakabidhiwa mwanawe aupeleke Nairobi. Kijana hakuwa na ada ya kipimo, akaiweka chupa nyumbani hali jamaa wakichanga. Siku zikapita, zikawa wiki. Chupa ilipofika maabara, jibu lilikuja kwamba ni saratani, lakini vipokezi havikuweza kusomwa kwa uhakika. Na hapakuwa na uvimbe mwingine wa kukata tena. Madaktari wake walilazimika kukisia.

Sikuleta habari hii ili kijana yule alaumiwe. Alitunza chupa ile kwa heshima yote, akaifunga kwa kitambaa na kuiweka mahali pa juu. Kilichokosekana ni nauli na ada, navyo ni vitu ambavyo chama hiki kiliundwa ili visikosekane.

Kipande kikishapimwa vema, hutiwa ndani ya nta, kikawa kama kijitofali kidogo. Kijitofali hicho hudumu miaka mingi, na daktari mwingine akitaka kipimo kingine chaweza kutumiwa tena bila ya kumkata mgonjwa upya. Mgonjwa au jamaa yake aulize kimewekwa wapi na kwa namba gani. Ni mali yenye thamani kuliko hati nyingi tulizozifungia sandukuni.

Jeni za Uvimbe na Jeni za Ukoo

Siku hizi watu husikia redioni habari ya vipimo vya jeni, na maneno huchanganyika. Vipimo hivyo ni vya namna mbili, na haifai kuvichanganya.

Namna ya kwanza ni kupima jeni za uvimbe wenyewe. Kipimo cha kawaida cha HER2 hutolewa kwa namba 0, 1, 2 au 3. Namba 3 ni dhahiri kwamba ipo nyingi. Namba 0 na 1 ni dhahiri kwamba si nyingi. Lakini namba 2 ni shaka, na hapo huhitajika kipimo kiitwacho FISH, ambacho huzihesabu jeni zenyewe ndani ya chembe. Mgonjwa aliyeandikiwa namba 2 asirudi nyumbani akidhani kazi imekwisha.

Vipo pia vipimo vinavyosoma jeni nyingi kwa pamoja ili kukadiria kama maradhi yatarudi. Kimoja husoma jeni 21, nacho ni cha Marekani. Kingine husoma jeni 70, nacho kilitokea Amsterdam, Uholanzi. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa kile cha jeni 21, uliofanywa kwa wanawake zaidi ya 10,000. Hao walikuwa na vipokezi vya homoni, hawakuwa na HER2 nyingi, na maradhi hayakuwa yamefika kwenye tezi za kwapani. Ilionekana kwamba wengi waliopata alama za katikati walifaidika na vidonge vya homoni peke yake, na kemo haikuwaongezea kitu, hasa waliopita miaka 50. Kwa vijana zaidi, baadhi ya alama hizo za katikati zilionyesha kwamba kemo yaweza kuwafaa.

Hiyo ni habari njema, kwa kuwa kemo humchosha mtu, humwangusha nywele, na humaliza mbuzi zizini. Lakini tuitazame kwa macho mawili. Katika uchunguzi ule wanawake weusi walikuwa kama 7 tu katika kila 100. Na ada ya kipimo hicho ni maelfu ya dola, mzigo ambao mfuko wetu hauwezi kuubeba. Siwaombi kuubeba. Nawaombeni mfahamu kwamba hata huko ng'ambo, mgonjwa hafikii kipimo cha jeni 21 kabla hajajibiwa yale maswali matatu ya kwanza. Na maswali hayo matatu yaweza kujibiwa hapa nchini.

Namna ya pili ni kupima jeni za kurithi, na hizo hutafutwa katika damu au mate, wala si katika uvimbe peke yake. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mahali ilipo jeni moja ya namna hiyo, na katika miaka 1994 na 1995 zikatambuliwa jeni mbili ziitwazo BRCA1 na BRCA2. Mwenye hitilafu katika mojawapo yumo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya titi na ya ovari. Hata hivyo, katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, walioipata kwa kurithi ni kama 5 hadi 10 tu.

Kwa wazee wa koo nina neno hapa. Hitilafu hiyo hurithiwa kwa baba kama inavyorithiwa kwa mama, na kila mtoto, wa kiume au wa kike, ana nafasi sawa ya kuipata au kuikosa. Basi mke asisimangwe kwamba ameleta maradhi katika boma, wala binti za mama mgonjwa wasikimbiwe na wachumba. Si laana, wala si kijicho cha jirani. Ikiwa katika ukoo wameugua wawili au zaidi, au mmoja ameugua angali kijana sana, jambo la busara ni kumweleza daktari habari ya ukoo mzima, upande wa baba na upande wa mama. Mzee anayejua majina ya vizazi vitatu anaweza kumsaidia daktari kwa jambo ambalo mashine hailijui.

Gharama

Wilaya hizi mbili za zamani, ambazo leo ni kaunti, hazikulala katika mambo ya matibabu. Makueni ilianza mpango wake mwaka 2016, kila jamaa ikitoa shilingi 500 kwa mwaka. Kitui ikafuata mwaka 2018 kwa shilingi 1,000. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA, ilichukua mahali pa NHIF katika nchi nzima. Mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila 100, na asiye na mshahara hutozwa kwa kukadiriwa uwezo wake. Kadi ya zamani ya NHIF iliyo sandukuni haimsaidii mtu tena.

Katika mwaka 2025 Serikali, SHA na kampuni ya Roche walipatana juu ya Herceptin. Bei ya mara moja, iliyokuwa shilingi 120,000, ikashushwa hadi shilingi 40,000, nazo hulipwa na SHA. Matibabu kamili huchukua karibu mwaka, kwa kawaida mara 18. Nimepiga hesabu: 120,000 mara 18 ni shilingi 2,160,000. Hakuna mchango wa harambee katika vijiji vyetu ungeweza kufikia kiasi hicho kwa kila mgonjwa. Sasa mlango umefunguliwa, lakini hauingiliwi mikono mitupu. Dawa hutolewa kwa mgonjwa ambaye kipimo kimeonyesha kwamba HER2 yake ni nyingi. Mama asiyepimwa atakaa nyumbani Kitui hali dawa iliyokwisha kulipiwa iko Nairobi, na kinachowatenga ni karatasi moja.

Maswali ya Wazee

Katika mikutano midogo wazee wameuliza maswali matatu, na ni haki yajibiwe hadharani.

La kwanza: je, kuuchoma au kuukata uvimbe hakueneza maradhi? Hofu hii ni ya zamani, na imewarudisha wengi nyumbani. Kuchukua kipande kwa sindano ndiyo njia ya kawaida ya madaktari duniani kote. Kinachoeneza saratani ni kuiacha ikae.

La pili: je, kungoja majibu hakutamchelewesha mgonjwa? Kutamchelewesha ikiwa hatuna utaratibu. Kipande kikifika upesi na ada ikilipwa siku hiyo hiyo, kungoja huwa kufupi. Wiki nyingi hupotea kabla ya maabara, katika kutafuta fedha. Wala kipimo kisiwe kisingizio cha kuahirisha. Daktari akisema anza, mgonjwa aanze.

La tatu, na ndilo zito: mfuko wetu ni wa mazishi, ukitumiwa kwa vipimo, tutawazikaje watu wetu kwa heshima? Siwezi kulidharau swali hili. Watu wa kwetu walioanza vyama hivi mijini waliona haya kumwona ndugu akizikwa na manispaa, mbali na nyumbani, bila jamaa. Heshima hiyo isipunguzwe. Kwa sababu hiyo halmashauri haiombi shilingi hata moja kutoka mfuko wa mazishi. Inaomba sehemu ya mfuko wa wagonjwa, na nyongeza ndogo ya kila mwezi ambayo mkutano huu utaikadiria. Wazazi wetu walipochimba matuta ya Mbooni kwa mwethya, waliyachimba kabla mvua haijaubeba udongo. Hawakungoja shamba liishie mtoni ndipo waitane.

Maombi ya Halmashauri

Basi halmashauri inaliweka mbele yenu ombi lake katika sehemu tano.

Kwanza, mfuko wa wagonjwa ulipe sehemu ya ada ya vipimo vya vipokezi na HER2, pamoja na kipimo cha FISH kikihitajika, na ulipe mara moja, kwa sahihi ya mwenyekiti na mweka hazina, bila kungoja mkutano.

Pili, kila tawi lichague watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, wa kumsindikiza mgonjwa na kulichukua jukumu la chupa hadi maabara. Tawi la Nairobi limpokee mjumbe kituoni.

Tatu, msindikizaji awe na karatasi yenye maswali haya: Kipande kilitiwa katika formalini saa ngapi? Je, kipokezi cha estrojeni kipo? Cha projesteroni? HER2 ni namba ngapi? Kijitofali cha nta kimewekwa wapi?

Nne, nakala ya ripoti itunzwe na mgonjwa mwenyewe, na nyingine na mtu amwaminiye. Karani asiione ila kwa ruhusa yake. Ugonjwa wa mtu si habari ya sokoni.

Tano, kila mwanachama ahakikishe kwamba jamaa yake imeandikishwa SHA na michango imelipwa, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Ninalo neno moja la mwisho kwa wanaume wenzangu. Mara nyingi mama huuona uvimbe akanyamaza, kwa kuwa fedha za nyumba ziko mkononi mwa mumewe au mwanawe, na anaona ada za shule zina haki kuliko titi lake. Asingoje kuomba. Akisema ana uvimbe, aulizwe siku hiyo hiyo ataenda lini kupimwa.

Bwana Mwenyekiti, daftari la mwaka ujao halijaandikwa bado. Naomba mkutano uamue kama katika kurasa zake patakuwa na mahali pa kipimo, kati ya nauli na jeneza. Ombi hili naliacha mikononi mwenu mlipigie kura.